Mtu Aliyegandisha Picha za Watu

Simu ilitoka Jinja, kwa mtu niliyefanya naye kazi zamani katika kiwanda cha mafuta ya kupikia. Alinijulia hali, akauliza kama mvua imenyesha upande wetu wa Bungoma, akauliza mahindi, akauliza watoto, kisha akasema kile alichopigia simu: "Bwana, ile fundi yetu ya video ya Nalufenya amekufa. Aliugua kidogo tu. Wamempeleka kwao, kule kaskazini, kuzika." Nikasema pole, tukasema yale yanayosemwa, tukaagana. Nilipokata simu nilikaa kitandani nikiwa nimeshika kiatu kimoja mkononi, na niwe mkweli kwenu, wasomaji wangu wa siku nyingi: kilichonipanda kwanza hakikuwa huzuni, kilikuwa hasira. Najua marehemu hasemwi vibaya. Najua pia kwamba huyu alikuwa mtu mcheshi, asiye na kinyongo, aliyenikaribisha chai mara nyingi kuliko nilivyostahili. Lakini kuna neno moja nililokuwa nikilisubiri kutoka kwake tangu miaka ya tisini, na sasa amekwenda nalo. Safu hii haina desturi ya kutaja watu kwa majina na leo sitaanza. Nitawaeleza tu alichokifanya, na mtaona kwa nini nimekasirika.

Nilimfahamu nilipokuwa karani wa stoo kiwandani. Yeye alikuwa ametoka jeshini. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi na cha amri, na watu wengi wa Jinja walipokisikia walirudi nyuma hatua moja, maana lugha hiyo kwao ilikuwa na kumbukumbu za bunduki. Walipoona kwamba anachoshika ni kamera, walirudi wakicheka. Kazi aliipata kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa amerejea mjini baada ya miaka mingi ughaibuni na kufungua studio ya picha mtaa wa Nalufenya. Huyo mzee ndiye aliyeleta mashine iliyomharibu rafiki yetu. Ilikuwa miksa, kisanduku cha vifungo kinachokaa katikati ya deki mbili: deki moja inacheza mkanda uliotoka harusini, nyingine inarekodi mkanda atakaopewa mwenye harusi, na katikati hapo unaweza kufanya vituko. Unaweza kuifanya picha ijikunje kama ukurasa wa kitabu. Unaweza kuifanya iwe ya bluu, au ivunjike vipande vya mraba, au bibi harusi atokee ndani ya umbo la moyo. Na kulikuwa na kifungo kimoja ambacho ukikibonyeza, picha inaganda. Mtu aliyekuwa anacheka anabaki akicheka, maji yaliyokuwa yanamwagwa yanabaki hewani.

Kabla ya hapo, picha iligandishwa kwa kusimamisha deki yenyewe, na haikupendeza: ilitetemeka, michirizi myeupe ikaipita chini, na baada ya dakika chache deki ilijiachia yenyewe ili isiukwangue mkanda. Miksa ilitoa picha tulivu kama iliyochorwa. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Yule mzee alikitumia kile kifungo mara moja kwa kila kanda, pale pete inapoingia kidoleni, basi. Mwanafunzi wake alikibonyeza kama mtu anayejikuna. Nilikuwepo siku mzee alipokaa kutazama kanda ya arusi moja na kuona picha inaganda bwana harusi anaposhuka garini, inaganda anapofunga mlango wa gari, inaganda anapofuta jasho. Akavua miwani. "Wewe kijana," akasema, "hii kitu ni chumvi. Wewe napika kama ugali." Fundi akacheka sana. Alikuwa na kicheko cha kumfanya hata anayemkaripia aanze kujishuku.

Na tatizo halikuwa wingi tu. Kuna jambo moja ambalo lazima nilieleze, na nitalieleza polepole kwa sababu kisa chote kimesimama juu yake. Unapobonyeza kile kifungo, picha inaganda ndani ya miksa, na deki inayorekodi inaendelea kuirekodi hiyo picha moja. Lakini ile deki ya kwanza, inayocheza mkanda wa asili, haijui lolote. Inaendelea kucheza. Ukiiachia picha baada ya sekunde saba, hutarudi pale ulipogandisha. Unadondokea sekunde saba mbele. Yaliyotokea humo katikati hayamo katika kanda ya mteja. Fundi mwenye subira husimamisha vyote, hurudisha mkanda nyuma, hulenga, huanza upya pale pale. Ni kazi ya kuchosha na mara nyingine picha huruka kidogo mahali pa kuungia. Rafiki yangu hakuwa na hamu nayo. Nilimuuliza siku moja, na akanijibu akiwa amenipa mgongo: "Nani naona? Kwa arusi unapoteza nini? Watu wanatafuna." Halafu kanda ya asili, ile isiyo na mapambo, akishamaliza kazi aliirekodia arusi nyingine juu yake. Kanda zilikuwa ghali na mafundi wote wa mjini walifanya hivyo, kwa hiyo kwa hilo simlaumu peke yake.

Nisimwonee. Watu walimpenda kwa ajili ya kifungo hicho, na walimharibu kwa mapenzi yao. Nilikwenda naye arusi moja Buwenge, na hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba watu wetu wanaelekea pabaya. Habari ilikuwa imeenea kwamba kwenye video za huyu mtu kuna watu wanaosimamishwa, na anayesimamishwa ndiye mtu wa maana. Basi kila alipoelekeza kamera, watu waliacha walichokuwa wakifanya, wakakauka. Kamera iliyotengenezwa kuchukua mwendo, mbele yake watu wamekaa kama magunia sokoni, wamekaza shingo, hawapumui, wakisubiri kugandishwa hali wamekwisha kuganda wenyewe. Mwanamume mmoja alishika paja la kuku usawa wa kidevu mpaka nikamwonea huruma. Na kanda ilipofika, shangazi mmoja wa bibi harusi alipanda gari kutoka Buwenge hadi Nalufenya kuja kulalamika. Alisimama mlangoni akiwa amevaa gomesi, lile gauni refu la heshima la mabega yaliyochongoka, mshipi wake unang'aa, akasema, "Banange, mimi nafanya nini mbaya? Jirani yangu mulimusimamisha mara mbili, na yeye si wa ukoo! Mimi napita tu kama upepo!" Fundi akamwomba msamaha, akairudia kanda nzima, akamgandisha shangazi ameinama karibu na keki, kana kwamba yeye ndiye aliyeikata. Shangazi akaondoka ameridhika. Mimi nikacheka na wengine. Leo sicheki.

Sasa niwapeleke Mbale. Kulikuwa na afande mmoja wa magereza, Mmasaba, aliyetumikia Jinja kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamishiwa nyumbani. Tulikuwa marafiki kwa sababu ya mlima wa mpakani: wao wako upande wake mmoja, sisi Wabukusu tuko upande wa pili, na mambo ya tohara tunayafahamu kwa namna inayofanana. Alikuwa na nyumba Nabuyonga na mtoto wa kiume aliyekuwa amemaliza shule. Mwaka wa imbalu, tohara yao, ulipofika, huyo kijana akasema yuko tayari, na baba yake akaamua jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya katika ukoo wao: kijana achukuliwe video. Alikuwa ameona kazi za fundi wetu huko Jinja. Akamwita. Nami nikaalikwa, tukasafiri pamoja, fundi amepakata kamera kama mtoto mchanga.

Kwa wasiojua, imbalu si jambo la hospitali. Kijana huzunguka kwa ndugu zake akicheza na kuimba siku kadhaa, kisha husimama uani, mchana, mbele ya watu wote, amepakwa unga wa chachu, ameinua fimbo kwa mikono yote miwili, na ngariba hufanya kazi yake. Hashikwi na mtu. Halazwi. Na haruhusiwi kutikisika wala kuonyesha kwamba anasikia kitu. Akisimama imara, ni mwanamume, na jina la baba yake limenyooka. Akitetereka, aibu hiyo haimwishii yeye. Itasemwa siku wadogo zake watakaposimama, itasemwa siku atakapokwenda kuoa. Kijana huyu alikuwa na mchumba tayari, na watu wa mchumba walikuwepo uani siku hiyo. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo fundi juu ya stuli, kamera imekaza usoni mwa kijana. Ngariba alimaliza, akapuliza filimbi, na wanawake wakapiga vigelegele. Vigelegele havipigwi kwa huruma. Kijana akakalishwa kwenye kigoda, akafunikwa shuka, zawadi zikaanza kumiminika, na afande wangu, mtu mzima wa kutisha wafungwa, akaenda nyuma ya nyumba kujifuta macho. Hakuna mtu hata mmoja siku hiyo aliyetia shaka. Nasisitiza hili kwa sababu ya yaliyofuata.

Kanda ilikuja baada ya wiki kadhaa. Sebule ya Nabuyonga ilijaa, wengine wakasimama dirishani. Ngoma, vumbi, kijana anakuja anarukaruka, watu wanashangilia kujiona. Fundi alikuwa ameondoa sauti yote ya uani na kuweka muziki wa kinanda, ule aliouweka kwenye arusi zake. Ngariba anainama. Na hapo hapo, kwenye kilele cha jambo, fundi wetu akabonyeza kifungo chake. Picha ikaganda. Ikageuka bluu. Uso wa kijana ulijaa kioo kizima: macho yamefumbwa, mdomo umevutika upande, unga umepasuka shavuni. Ikakaa hivyo, kinanda kikilia. Ilipoachia, kijana alikuwa tayari amekaa kwenye kigoda. Yote ya katikati, filimbi, vigelegele, zile sekunde alizosimama, hayakuwemo.

Mtu hupepesa macho. Mimi nimepepesa mara nyingi tangu nianze kuandika sentensi hii, nanyi pia mkisoma. Katika sekunde moja ya video kuna picha ishirini na tano, na ukichukua moja bila kuichagua unaweza kumpata hata shujaa amefumba. Lakini pale sebuleni hakuna aliyefikiria hivyo. Kisha mjomba mmoja wa kijana, mtu ambaye siku ile alisimama karibu na ngariba kiasi cha kurukiwa na unga, akasema kwa sauti ya chini, "Eeh. Kumbe alifumba." Nikamgeukia nimwulize, wewe si ulikuwepo? Si ulimpigia makofi wewe? Lakini nilikuwa mgeni, na mgeni hana neno katika mambo ya ukoo. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Baadaye mtu akanakili kanda, nakala ikafika kwenye kibanda cha video, na huko vijana walioilipia wakaomba irudishwe pale pa bluu, tena na tena. Watu wa mchumba wakatuma ujumbe wa adabu kwamba wanaomba muda zaidi wa kufikiri.

Afande alikwenda Jinja akiwa na sare yake. Nilikuwa studio alipoingia. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alimwambia fundi, akimheshimu kama askari mwenzake, "Afande, mimi nakuja polepole. Nataka ile kaseti ya kwanza. Ile haina mapambo. Watu waone mutoto yangu alivyosimama."

Fundi akajikuna kichwa. "Haiko, afande."

"Haiko namna gani? Imeibiwa?"

"Hapana ibiwa. Iko. Lakini ndani yake iko arusi."

"Weka nione."

Akaiweka. Tukatazama, sisi watatu na yule mzee wa Kihindi aliyekuwa amesimama pembeni. Ilikuwa arusi ya watu wa Buwenge, si ile ya shangazi, nyingine. Watu wamekaa chini ya turubai wanakula pilau. Afande aliitazama mpaka mwisho. Sijui alitumaini nini. Labda kwamba mahali fulani katikati ya wale walaji mwanawe angetokeza kidogo. Maji yakimwagika hayazoleki, na mkanda ukirekodiwa juu yake ndio basi. Alipoinuka, fundi alisema, na hili nalihesabu kwa upande wake mzuri, "Afande, mimi nakuja Mbale. Nitawaonyesha wazee hii mashine nafanya kazi namna gani. Wataelewa tu."

Alikuja kweli. Alibeba deki mbili, miksa, televisheni na kamera, akavipanga kwenye sebule ile ile, na wazee wa ukoo wakakaa. Kwa sababu yeye hakujua Kimasaba, kikao kikaendeshwa kwa Kiswahili, kila mtu kwa Kiswahili chake. Mpango wake ulikuwa mzuri, na ninausema bila kejeli. Aliwachukua wazee wenyewe video wakiwa wanazungumza, kisha akawachezea, akiwagandisha mmoja baada ya mwingine. Mwenyekiti wa ukoo akatokea amelegeza jicho moja kama mlevi. Mwingine alionekana anataka kulia. Mjomba yule, ambaye kwa kweli alikuwa anasimulia habari ya ng'ombe, akaonekana ameona jini. Sebule ikaanguka kwa kicheko. "Munaona?" fundi akasema, ametoa jasho. "Wewe hapana ogopa, lakini nikikushika hapa, unaonekana naogopa. Hata ile kijana ni hivyo hivyo." Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, basi, limekwisha.

Mzee wa miaka mingi kuliko wote hakuwa amecheka. Aliomba aonyeshwe tena uso wa mjomba. Akautazama. Kisha akasema taratibu, "Ile ng'ombe anasema habari yake ilipotea, na yeye bado iko na uoga atalipa. Mimi namjua. Na wewe, mwenyekiti, jana ulikunywa. Kweli ama uongo?" Mwenyekiti akaangalia chini. "Basi sisi tulikuwa naangalia na macho ya nyama. Hii mashine naangalia ndani. Kama ilikuta uoga kwa ile kijana, uoga ilikuwa ndani." Vichwa vikaanza kutikiswa kukubali. Nilimtazama fundi, nikimsihi kwa macho aseme neno moja tu. Aseme, mashine haiangalii ndani. Mimi ndiye niliyebonyeza, nilibonyeza ovyo kama ninavyobonyeza siku zote, na nilichokata ndicho mlichotakiwa kuona. Neno hilo ndilo nililolisubiri. Hakulisema. Nilimwona uso wake ukibadilika, na kilichoupita hakikuwa huzuni wala aibu. Alikuwa amefurahi. Mashine yake ilikuwa imesifiwa na mzee mkubwa kuliko wote.

Sikuzungumza naye njia nzima ya kurudi Jinja. Miezi michache baadaye nilipita studio nikakuta ameweka kanda ya mfano, ile anayowaonyesha wateja wapya ili wachague mapambo, na katikati ya mioyo na kurasa zinazojikunja akaweka uso wa bluu wa yule kijana. Nikamwambia atoe. Akasema watu wanaipenda. Nikamwambia ni uongo. Hapo akakasirika, mara ya pekee niliyomwona amekasirika: "Uongo wapi? Mimi nilimchora? Hii ni uso yake ya kweli!" Na hapo ndipo ninapokwama hadi leo, maana alikuwa na haki. Ilikuwa kweli. Kijana alifumba macho, labda kwa muda mfupi kuliko kupiga chafya. Mtu akikudanganya unaweza kumshitaki. Akichukua kipande kidogo cha kweli akakiweka juu ya kweli nzima, unabaki unashika mdomo.

Wasomaji vijana wataniambia, mzee, hayo ni mambo ya kanda na deki, siku hizi tuna simu. Ndiyo, mnazo, na ndiyo maana nimechoka. Siku hizi kila mtu ana kifungo. Haipiti wiki bila kuletewa uso wa mtu aliyegandishwa katikati ya neno, mwalimu, mchungaji, mwanasiasa, jirani, na chini yake maandishi ya kunieleza moyoni mwake kuna nini. Na wanaoniletea si watu waliokuwa mbali. Mara nyingi walikuwepo hapo hapo, kwenye mkutano ule, kanisani pale, wakasikia maneno yote kwa masikio yao, kisha wakarudi nyumbani wakatazama kioo ili kioo kiwaambie walikuwa wapi. Fundi wetu alipenda kifungo kuliko kazi, nalo ni kosa la mafundi wengi. Nimewaona maseremala wanaopenda randa kuliko meza. Lakini yeye alikuwa mmoja. Sebule nzima ilikuwa na mashahidi, na mashahidi ndio walioacha walichokiona kwa hiari yao wenyewe. Hilo ndilo linalonikera kuliko kifungo.

Baada ya simu ile ya Jinja niliona ni haki kumpigia yule kijana wa Nabuyonga. Kijana namwita kwa mazoea. Ni baba wa watoto, fundi umeme huko Soroti alikohamia muda mfupi baada ya mambo yale. Hatimaye alimwoa yule mchumba, baada ya wazazi wa msichana kuchelewesha mpaka binti akawatoroka. Baba yake, afande, alikufa zamani. Mimi na huyo kijana tulikuwa tunatumiana salamu za sikukuu tu, na ile siku ya imbalu hatukuwahi kuigusa hata kidogo. Nikamwambia fundi amefariki. Alisema pole, Mungu amrehemu.

"Mzee," akasema, "nataka kuuliza kitu. Usinionee huruma. Wewe ulikuwa karibu. Mimi nilifumba macho?"

Nikamwambia haraka kwamba alisimama imara, kila mtu alijua.

"Hapana, mzee. Hiyo watu nasema wakitaka kunifurahisha. Zamani nilikuwa najua mwenyewe. Kabisa. Kabla ya ile kaseti nilikuwa najua mwili yangu ilikuwa namna gani. Sasa nikifikiria ile siku naona ile picha ya bluu. Naona uso yangu mwenyewe kama mtu anasimama mbele yangu. Mtu hawezi kuona uso yake, si kweli? Kwa hivyo yangu ilipotea. Nauliza wewe."

Nilitaka kumwapia. Kisha nikafumba macho nijikumbushe uso wake siku ile, na mimi pia, niliyekuwa nimewalaani wote, nikaona bluu. Nikakasirika. Nikatafuta tena, polepole, nikaanzia mahali nilipokuwa nimesimama, kando ya wanawake, jua likiwa kulia kwangu, na ndipo nikakumbuka kwa nini sina uso wake.

"Sikuangalia macho yako," nikamwambia. "Sitakudanganya, sikuona kama yalifumba. Kwetu sisi, tulipokuwa wadogo, wajomba walitufundisha kwamba mtu akisimama kwa kisu usimtazame usoni, uso ni wa kuonyeshea watu. Tazama miguu. Mimi niliangalia miguu yako, tangu ngariba alipoinama mpaka filimbi."

"Na miguu?"

"Ulisimama kwenye udongo uliomwagiwa maji. Kama ungesogeza hata kidole gumba, kingeacha alama. Nilikuwa naangalia kidole cha kushoto. Ulipokalishwa kwenye kigoda nyayo zako zilibaki pale chini, mbili, safi, na kisigino na vidole vyote. Hakuna mahali palipoburuzwa."

Nilisikia anavuta pumzi kwa pua, kisha mkono ukafunika simu, kisha ukafunguka. "Mama watoto iko hapa," akasema. "Mwambie na yeye." Nikasikia simu inapokezwa, na sauti ya mwanamke niliyemwona mara ya mwisho akiwa msichana uani, amesimama na watu wao. Nikamwambia neno kwa neno: udongo, maji, kidole gumba, nyayo mbili. Akasema, "Asante, mzee."

Fundi amelala kwao kaskazini, Mungu amlaze pema. Hasira yangu nitaimaliza mwenyewe. Ninyi mnaosoma hapa, bila shaka yuko mtu aliyewahi kusimama mbele yenu, na leo anasemwa kwa picha moja. Kama mlikuwepo, mtafuteni mumwambie mlichokiona kwa macho yenu, hata kiwe kidogo kama kidole cha mguu. Huenda amechoka kusubiri kuambiwa, na yeye mwenyewe hakumbuki tena.